Mulanda Tangu Kuzaliwa

Sitaandika jina la mtu yeyote hapa. Kaka yangu bado yuko hai, ana masikio makubwa, na akisoma haya atajijua mwenyewe bila kusaidiwa. Na wengine watajijua. Nataka wajijue.

Ila kuna neno moja sina budi kuliandika, kwa sababu ndilo lililonichafua roho: mulanda. Kwa Kiluba mulanda ni maskini, lakini si maskini wa kukosa sabuni na chumvi tu. Ni mtu asiye na mtu. Akiugua hana wa kumpikia uji, akifa hana wa kumlilia. Mwite mtu hivyo kwa hasira, jiandae kupigana. Mwite kwa huruma, atalia. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliitwa mulanda na Kamina nzima tangu nikiwa msichana mpaka mvi zikaniota, na kila alipoitwa alifurahi. Alidhani ndilo jina la nchi yake.

Alikuwa mzungu wa Irlande, kile kisiwa kilicho ubavuni mwa Uingereza. Alikuja na watu wa kuchimba visima kwa ajili ya misheni za kule ziwani, upande wa Kinkondja, ambako watu walikunywa maji yale yale waliyooshea samaki. Kijana mrefu, masikio mekundu, banjo mgongoni. Gari lao liliharibika hapa Kamina, karibu na bomba la maji la mtaa wetu, wakakaa kungojea kipuri kije kwa treni. Na treni zetu mnazijua.

Kwenye bomba kulikuwa na foleni ya wanawake na mabinti, nami nilikuwemo na dada yangu. Mama mmoja akamwuliza, "Weye iko Mubeleji?" Akakataa kwa kichwa. "Basi iko Mwingereza?" Hapo akawa mwekundu hadi shingoni. Baadaye nilikuja kuelewa: tangu atoke kwao, kila alikofika walimwita Mwingereza, na kwa mtu wa kwao, waliotawaliwa na Waingereza, hilo ni tusi lenye damu ndani yake. Akajipiga kifua, akasema kwa Kifaransa chake kibovu, "Irlandais! Moi, Irlandais!"

Wanawake wakasikia walichosikia. Neno lile halikuwa na mahali pa kukaa katika masikio ya Kiluba, likavishwa nguo za nyumbani. "Mama yangu! Anasema yee iko mulanda!" Mzungu mwenye gari, mwenye viatu vya ngozi, mwenye meno yote kinywani, anajitangaza kwamba hana mtu! Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Naye alipoona wamefurahi akajua wamemwelewa, akalirudia neno kama walivyolitamka wao, "Mulanda! Ndiyo! Mulanda!", huku akijipiga kifua. Dada yangu akakinga maji kwenye kikombe cha bati akampelekea, maana jua lilikuwa kali na yule kijana alikuwa anatoka jasho kama mtungi.

Kipuri kilipofika aliondoka, akachimba visima vyake, kisha akarudi kwa ajili ya dada yangu.

Baba yetu alikuwa mwalimu, Mmethodisti wa kufa na kupona, na ugumu wake haukuwa juu ya rangi ya yule kijana. Ugumu ulikuwa kwamba ni Mkatoliki, tena anapiga banjo. Walibishana juu ya Bikira Maria mpaka chai ikapoa, na mwisho baba alichoka. Visima vilipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki. Siku za kazi alitengeneza pampu za watu, siku ya Jumamosi aliimba.

Alianzia kwenye baa moja upande wa reli, mbele ya wafanyakazi wa treni ambao hawakosi la kusema. Halafu zikaja harusi, ubatizo, sherehe za watoto waliofaulu mtihani wa Serikali, mwisho hata matanga. Aliimba Kiswahili chetu, aliimba Kiluba chenye matundu, aliimba na lugha ya mama yake ambayo si Kiingereza, na ole wako useme ni Kiingereza. Halafu alicheza. Kwao wanacheza wamebana mikono ubavuni, kama mtu aliyekamatwa na polisi, miguu tu inaruka peke yake. Mara ya kwanza watu walidhani ana ugonjwa. Mara ya pili walimwomba arudie.

Mimi nilikuwa chupa yake. Muziki wetu wa gita wa zamani hauendi bila chupa: chupa ya soda, tupu, inagongwa kwa msumari, na hiyo ndiyo inayomzuia mpiga gita asikimbie. Banjo inapenda kukimbia kuliko gita. Aliniambia nina mkono wa chuma na sauti ya kupasua madirisha, akanichukua nimgongee chupa na kumwitikia. Baba alilia machozi ya kweli, binti wa mwalimu, kwenye baa, ameshika chupa. Nilimwambia, baba, si unaona ni tupu? Alininyamazia tangu mavuno mpaka mvua.

Tulienda Bukama kwa treni. Tulienda Mulongo. Tulivuka kwa mtumbwi mpaka Kinkondja, ambako watu walikuwa bado wanavikumbuka visima vyake, wakatupa samaki wakavu wengi mpaka banjo ikanuka kambare mwezi mzima. Na kila mahali onyesho lilianza kwa namna moja. Yeye alijificha nyuma ya pazia, au nyuma ya nyumba, au nyuma ya mama yeyote mnene aliyekubali. Watu walipaza sauti: "Mulanda!" Naye akiwa bado mafichoni alijibu kwa sauti yake yote: "Tangu kuzaliwa!" Halafu akaruka nje, mikono ubavuni, miguu hewani.

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Yeye alidhani wanaishangilia Irlande. Aliniambia mara nyingi, na kila mara macho yakimng'aa, kwamba dunia nzima anaitwa Mwingereza, ila Kamina peke yake ndiyo inayomwita jina lake.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia. Dada yangu alikataza. Siku ya harusi yao shangazi mmoja alitaka kumweleza, akiwa tayari amejifunga kibwebwe kwa ajili ya kicheko kile, na dada akamshika mkono. "Mumwache," alisema. "Hii neno iko yake sasa. Ni yeye ameileta." Na tangu siku hiyo yeye mwenyewe alimwita hivyo nyumbani, mulanda wangu, kuya kula, yaani njoo ule, mulanda wangu, kofia yako iko wapi. Sisi tukafuata. Desturi ikishaota mizizi nani atakumbuka kuing'oa?

Lakini kuna siku moja Lubumbashi iliyonikaa rohoni. Bwana mmoja mwenye ukumbi alimwita akaimbe kwake, akatuandalia na nguo. Mimi kitenge. Yeye kofia ngumu nyeupe ya wakoloni, kaptula, na fimbo. Alitaka aingie jukwaani akiwa Mbelgiji wa zamani, aanguke anguke, watu wacheke. Shemeji yangu aliiweka ile kofia chini taratibu. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akamwambia yule bwana, "Minyi ni mwimbaji. Minyi si kichekesho." Tukarudi Kamina bila kuimba hata wimbo mmoja. Katika treni alikuwa na furaha ya mtu aliyelinda heshima yake, nami nilikaa mkabala naye na chupa yangu mapajani, nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Kwa sababu Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi, na watu wangepaza sauti, na yeye angejibu.

Dada yangu alikufa. Siandiki juu ya kifo chake, si mali ya msomaji. Ninaandika juu ya kilichofuata.

Nyumba yao imejengwa kwenye kiwanja alichopewa dada na baba yetu. Kiwanja kizuri, kipana, kwenye kona, karibu na barabara. Matanga hayajapoa kaka yangu alishaanza kukipima kwa macho. Kaka yangu ni karani katika ofisi moja mjini. Anasema Kifaransa cha kunyooshwa kwa pasi, anasema na Lingala, anaimba besi katika kwaya. Alingoja. Mtu anayejua kungoja ananitia hofu kuliko mtu anayejua kupiga.

Nafasi yake ilikuja pale shemeji alipotaka kuongezewa kibali cha ukaazi, maana akinyimwa angerudishwa kwao na kiwanja kingebaki. Zamani jambo hilo halikuwa na shida, kila mkubwa wa ofisi alikuwa amemchezesha harusini kwake. Lakini safari hii alitumwa afisa mpya kutoka magharibi mwa nchi, kijana msafi, hajui Kiswahili wala Kiluba, Lingala na Kifaransa tu. Akasema mgeni anayebaki nchini lazima awe na namna ya kuishi na awe na watu wanaomjua, kwa hiyo yeye mwenyewe atakuja mtaani kuuliza majirani. Akatafuta mkalimani. Na nani akajitolea, bila kuombwa, kwa upendo wa nchi yake?

Tulikutana asubuhi kwa mkuu wa mtaa, chini ya hangari ya mabati. Majirani walijaa. Wamevaa vizuri, wamekuja kumtetea mtu wao. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki, amenyoa, banjo miguuni, maana hata hospitali alikwenda nayo. Mimi nilikuwa nimetoka sokoni nimechelewa, nikasimama nyuma.

Afisa akauliza kwa Kifaransa, mtu huyu ni nani kwenu? Kaka yangu akatafsiri. Akasimama mama muuza samaki, ambaye harusi za binti zake zote zilichezwa na banjo ile. Akaweka mkono moyoni. "Yee? Yee njo mulanda yetu! Kila muntu anamujua. Mulanda wa Kamina!"

Na kaka yangu, kwa sauti yake ile ya besi, bila kupepesa jicho, akamgeukia afisa: "Elle dit que c'est un indigent. Tout le monde le sait."

Fukara. Asiye na kitu, na kila mtu anajua. Nilidhani masikio yangu yameingiwa na maji.

Akasimama mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, akamwita afisa chef, yaani mkubwa. "Chef, hii mulanda aliimba ku kilio ya bibi yangu. Shiye bote tunamupenda." Kaka yangu: "Un indigent. On a pitié de lui." Tunamwonea huruma. Akasimama wa tatu, akasimama wa nne, kila mmoja na upendo wake, na kila mmoja upendo wake ukipita katika kinywa cha kaka yangu ulitokea upande wa pili ukiwa mzoga. Maskini, chef. Hana kazi, chef. Sans famille, hana familia, chef. Nao, maskini wa Mungu, kwa sababu hawajui Kifaransa, waliitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo, mweleze vizuri.

Nikapiga kelele. Sikumbuki kama nilianza kwa Kifaransa au kwa Kiluba. Nilisema mulanda si indigent, mulanda ni Irlandais, ni nchi, ni mdomo wetu tu ulioharibu! Nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kichaa. Afisa akanitazama kwa uchovu, akamwuliza kaka yangu mimi ni nani.

Kaka yangu hakunigeukia. "Une voisine," alisema. Jirani. "Elle crie toujours." Hupiga kelele siku zote.

Tumbo moja lilituzaa. Nilimbeba mgongoni yule mtu. Nilimfuta makamasi kwa nguo yangu. Jirani! "Maman, asseyez-vous," akasema afisa, na mkuu wa mtaa akanivuta kanga nikae.

Halafu afisa akataka kumsikia mzee mwenyewe. Kaka yangu akamsogelea. Na hapa niliona jambo dogo. Miaka yote kaka yangu alimwita shemeki, kama sisi sote. Siku hiyo alimwita muzee. "Muzee," akasema taratibu, kwa heshima nyingi, "chef anauliza. Weye iko mulanda?"

Mungu wangu. Alijua. Alijua vile atajibu, kwa kuwa alikuwa amelisikia jibu lile tangu akiwa na suruali fupi.

Shemeji yangu akasimama. Alikuwa mzee tayari, magoti yalimsumbua, lakini akanyooka, akabana mikono ubavuni, akajaza kifua, na kwa sauti yake ya jukwaani, ile iliyofika mpaka nyuma ya baa, akajibu:

"Tangu kuzaliwa!"

Na majirani, kwa mazoea, wakashangilia. Wakapiga makofi! Kaka yangu akangoja makofi yaishe, akasema kwa upole, "Il le reconnaît lui-même, chef. Depuis sa naissance." Anakiri mwenyewe: fukara tangu kuzaliwa.

Afisa akafunga mkoba wake.

Sikuwa na la kufanya tena kwa afisa wala kwa kaka. Hasira yangu yote, ya treni ya Lubumbashi, ya bomba la maji, ya kaburi la dada yangu, ikamwangukia yule asiyestahili. Nikajinasua mkononi mwa mkuu wa mtaa, nikamfuata shemeji mpaka mbele ya uso. "Weye shemeki! Kichwa yako iko kiazi! Banakuuza hapa kama mbuzi na weye unaimba! Shemeki pumbavu, miguu ya korongo, nani alikuambia ujibu?"

Naye ni mtu wa jukwaa, hawezi kutukanwa na shemeji yake mbele ya watu akanyamaza. Akanigeukia, mwekundu. "Nyamaza, shemeki! Sauti yako inavunja chupa! Minyi nilikuoa weye? Nilioa dada yako juu ya akili yake!"

"Alikuwa na akili akakuokota weye ku bomba?"

"Aliniokota! Weye hakuna muntu atakuokota, shemeki, hata gari ya takataka!"

Watu walicheka, maana hivyo ndivyo tulivyoishi, mashemeji tunatukanana tangu asubuhi, na asiye shemeji akithubutu kusema nusu yake meno yanamtoka. Katikati ya kicheko nikaona afisa ameinua kichwa. Hakuwa ameelewa matusi. Lakini neno moja alilielewa. Sisi tunasema shemeki, kwa Lingala wanasema semeki, na ni kitu kile kile.

"Semeki?" akasema kwa Lingala yake. "Semeki ya nani?"

Maneno hayo, sawa kwa lugha zote mbili, hayakuhitaji mkalimani. Hangari nzima ilimwelewa, na hangari nzima ikanionyesha mimi kwa kidole, halafu ikamwonyesha mzee, halafu vidole vyote vikageuka, kimoja baada ya kingine, vikatua kwa kaka yangu. Mzee wa reli akakusanya Kifaransa chake chote cha kazini: "Lui, son frère! Même père, même maman!" Huyu ni kaka yake, baba mmoja, mama mmoja.

Afisa akamtazama kaka yangu kwa muda. Kaka yangu akaanza kurekebisha tai. Afisa akamwuliza, kama hana familia, huyu mama anayemtukana ni nani, na wewe ni nani? Na mkalimani wetu, mwenye lugha zote, akaendelea kurekebisha tai.

Shemeji aliongezewa ukaazi. Afisa alisema, na nampa haki yake kwa hilo, kwamba kwao mtu mwenye semeki wa namna hii hawezi kuitwa mtu asiye na familia, labda aitwe mtu mwenye matatizo. Watu wakacheka tena, wakaondoka wakiwa na furaha. Walidhani mambo yamekwisha.

Tulirudi kwa miguu sisi wawili. Tulipofika kwenye reli alisimama. Nilidhani ni magoti.

"Minyi ninasikia Kifaransa," alisema. "Si kama zamani. Kila wakati bao banasema mulanda, kaka yako anasema indigent. Hata mara moja hakusema Irlandais. Nikafikiri anakosea tu, nikajibu." Akanitazama. "Mulanda ni nini?"

Nilimwambia. Ningesema nini? Nilimwambia kwa maneno machache, kwa hasira, maana sijui kusema kwa namna nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama watu wa baa ya reli walijua. Nikasema ndiyo. Wa Mulongo? Ndiyo. Wa Kinkondja? Wote. Akaitikia kwa kichwa, akavuka reli, akaenda nyumbani, akatundika banjo kwenye msumari.

Ikakaa pale. Harusi zikaja kumwita, akasema anaumwa. Watu wakadhani ni uzee. Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikawaeleza, wakashangaa kweli kweli. Lakini mama, sisi tunampenda! Hiyo ni kicheko tu! Ni jina la mapenzi! Na ni kweli, wanampenda, ndiyo maana siwezi hata kuwachukia vizuri. Adui unampiga. Mtu anayekupenda huku akikucheka usoni miaka yote, utamfanya nini?

Kaka yangu anaimba besi mpaka leo. Jumapili hunisalimu mlangoni mwa kanisa kwa salamu ya Kiluba, "Moyo, dada." Ninamjibu, "Moyo, jirani." Watu wanadhani ni utani.

Jumamosi iliyopita msafara wa harusi ulipita barabarani kwetu, magari na pikipiki, honi, vijana wakitembea kwa miguu na ngoma. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, yeye na mimi. Walipofika kwenye kona wakasimama, kama walivyosimama wazazi wao. Bibi harusi mwenyewe akatoa kichwa dirishani. Wakapaza sauti:

"Mulanda!"

Niliona kinywa cha shemeji kikifunguka. Niliona kifua kikijaa. Mikono iliyokuwa juu ya kiti ikaanza kwenda ubavuni. Halafu vyote vikashuka tena, na kinywa kikafungwa.

"Mulanda!" wakarudia.

Nilikuwa nimeshika ufagio tayari. Lakini hawakungoja. Vijana wa nyuma wakajijibu wenyewe, "Tangu kuzaliwa!", wakacheka, ngoma zikaanza, honi zikalia, wakaendelea na safari yao. Vumbi likabaki. Hawakumhitaji hata kwa hilo.

Nilitukana. Nilitukana harusi, na mji, na treni iliyochelewesha kile kipuri. Yeye alisikiliza ngoma mpaka zilipofika mbali.

"Banakimbia," alisema. "Hakuna chupa."

Nikamwambia asinichokoze.

"Dada yako," alisema. "Siku ile ku bomba. Balicheka bote?"

Niliketi. Nilijua hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu siku ya reli, na mengine yote hayakuwa kitu. Niliirudia siku ile polepole: jua, ndoo zinazomwagika, mama zetu wameinama kwa kicheko. Nilimtafuta dada yangu kati yao. Sikumwona amecheka. Nilimwona amewapa mgongo, anakinga maji.

"Apana," nilisema. "Yee hakucheka. Yee alikuletea maji."

Aligeuka akatazama mlangoni, banjo ilikotundikwa. Halafu akaniambia, kwa sauti ile ya kuamrisha aliyokuwa nayo zamani kabla ya onyesho, niende nikatafute chupa.

Nilimwambia aitafute mwenyewe, mimi si mfanyakazi wake. Nikaenda kuitafuta.